Hukumu ipo, kibali hakuna

Naona wengi hapa wanalaumu urefu wa foleni ya kuasili mtoto na gharama za mawakili, lakini kuna maumivu makubwa kuliko hayo: kukwama baada ya kila kitu kwisha. Kumbukeni Kongo-Kinshasa, Septemba 2013, idara ya uhamiaji ilipositisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na wageni. Hukumu zilikuwa zimeshatolewa. Kisheria mtoto alikuwa na mama na baba Marekani, Italia au Ufaransa, ila hakuweza kupanda ndege. Mamia walikwama, wengine hadi 2016. Wapo wazazi waliohamia Kinshasa ili walee watoto wao, huku nyumba na kazi zikiwasubiri kwao. Mtoto aliyeanza kusubiri akitambaa aliondoka akikimbia!

Sipingi uchunguzi hata kidogo. Ubelgiji ilikuja kugundua kwamba watoto walichukuliwa vijijini Gemena, huko huko Kongo, kwa kisingizio cha kambi ya likizo, wakapewa familia za Kizungu, huku wazazi wao wakiwa hai, wakiwangoja. Huo ni wizi wa mtoto, na anayeufanya afungwe.

Lakini uchunguzi ufanywe kabla hakimu hajatia saini. Kenya ilipowazuia wageni kuasili mwaka 2014, na Ethiopia mwaka 2018, hofu ilikuwa ya kweli. Serikali inayotaka kufunga mlango na ifunge kwa maombi mapya. Mafaili yaliyokwisha kupita mahakamani yapitiwe moja moja, na kila familia ipewe tarehe ya jibu.