Mkaa hujua miaka, haujui ukoo

Jumapili hii hebu tuteremke pamoja na maji. Tuanzie Itumbe, huko Kisii, kwenye mashamba ya majani chai na migomba, ambako mvua ya alasiri haikosi. Vijito vya upande huo huishia katika mto Gucha. Mto huu huanzia nyanda za juu za Nyamira, ukapita Kisii, na ukiingia Migori hubadilisha jina na kuitwa Kuja. Maji ni yale yale, jina ndilo jipya. Kabla haujafika Ziwa Viktoria, mto huo hukutana na mwamba na kuporomoka. Mahali hapo ni Gogo.

Wengi wanaijua Gogo kwa sababu ya kituo kidogo cha umeme. Lakini watafiti wa mambo ya kale wanaijua kwa sababu nyingine kabisa. Kando ya maporomoko hayo, chini ya udongo, kuna jaa la takataka za watu waliokula, wakapika na kulala hapo muda mrefu kabla ya koo zetu kuwa na majina tunayoyajua. Mwaka 1983 mtaalamu Peter Robertshaw alichimba hapo, na baadaye Mkenya Karega-Munene akachimba pia. Je, walikuta nini? Hawakukuta dhahabu wala taji la mfalme. Walikuta vigae vya vyungu, mifupa ya ng'ombe, kondoo na mbuzi, mifupa ya wanyama wa porini, ya samaki, vipande vya mawe makali, majivu na mkaa.

Sasa swali ni hili: mtu akikuonyesha kipande cha mkaa, utajuaje kama moto wake uliwashwa juzi au miaka 2,000 iliyopita? Mkaa wa zamani na mkaa wa jana huchafua vidole sawasawa.

Jibu lilipatikana Chicago, Marekani, ambako mwanakemia Willard Libby na wenzake walitangaza mwaka 1949 njia ya kupima umri kwa kaboni. Mwaka 1960 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Usiogope, msomaji, somo lenyewe si gumu.

Miale kutoka anga za mbali huipiga hewa yetu mchana na usiku. Kutokana na mapigo hayo, sehemu ndogo sana ya nitrojini iliyomo hewani hugeuka na kuwa aina ya kaboni iitwayo kaboni 14. Mimea huivuta pamoja na kaboni ya kawaida, ng'ombe hula majani, nasi tunakunywa maziwa. Hivyo basi kila kiumbe hai ana kaboni 14 kidogo mwilini. Lakini kaboni hii haidumu. Polepole hugeuka na kuwa nitrojini tena.

Fikiria ghala la mama mmoja wa kijijini. Kila siku huchota wimbi la uji, na kila msimu hujaza mavuno mapya. Madhali mama yupo, ghala halipungui. Siku atakapoacha kujaza, punje zitaanza kupungua. Mti nao ni vivyo hivyo. Ukiwa hai hujazwa. Ukikatwa, ghala hufungwa na hesabu huanza. Baada ya miaka 5,730 hubaki nusu ya kaboni 14. Ikipita 5,730 mingine hubaki robo. Mkaa wa miaka 2,000 bado unayo karibu asilimia 78. Ikifika kama miaka 50,000 kilichobaki ni kidogo mno hata hakipimiki vyema.

Zamani maabara zilihitaji mkaa mwingi ili zipate jibu. Kwa mitambo ya leo, punje moja ya nafaka iliyoungua yaweza kutosha.

Kwa njia hiyo Gogo ilianza kutaja miaka yake. Kulikuwa na wavuvi na wawindaji waliotumia vyungu vyenye nakshi ambavyo wataalamu huviita Kansyore, jina la kisiwa kimoja cha mto Kagera. Vyungu vya aina hii katika eneo la Ziwa vilianza zaidi ya miaka 7,000 iliyopita. Kisha, kama miaka 2,000 iliyopita, waliishi hapo wafugaji wa utamaduni uitwao Elmenteita. Visu vyao vya mawe meusi yanayong'aa kama chupa vilitokana na mwamba wa pande za Naivasha, ng'ambo ya pili ya milima, mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Vigae vya Urewe, ambavyo huhusishwa na wakulima na wafua chuma wa kwanza wa eneo hili, vimepatikana pia.

Lakini ngoja kwanza, msomaji. Usidhani mkaa ni shahidi asiyekosea. Tuseme umejenga nyumba kwa nguzo ya mti wa miaka 200, kisha nyumba ikaungua. Mkaa wa kiini cha nguzo hiyo utasema moto uliwaka miaka 200 kabla ya siku yake, kwani kiini kiliacha kupokea kaboni zamani. Ndiyo maana wataalamu hupendelea vijiti vyembamba na mbegu. Tena, hewa haikuwa na kiasi kile kile cha kaboni 14 karne zote, hivyo hesabu husahihishwa kwa kutumia pete za miti mikongwe ambazo huhesabiwa moja moja. Hata "leo" ya wataalamu hawa si leo yetu: wao huhesabu kurudi nyuma kuanzia 1950, kwa sababu majaribio ya mabomu ya nyuklia baada ya hapo yaliivuruga hewa.

Na mawe je? Mtu wa Kisii ataniuliza kuhusu jiwe la Tabaka, lile linalochongwa viboko na sahani. Jiwe halikuwahi kuwa hai, halina ghala la kaboni la kufungwa. Kadhalika kuta za Thimlich Ohinga kule Migori, zilizopangwa mawe bila saruji na kutiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Jiwe lenyewe halitasema lilipangwa lini. Sharti utafute mkaa au mfupa uliolala pamoja nalo.

Hapa ndipo ninapotaka tuelewane, wewe mzazi na wewe mwanafunzi. Mkaa ukipimwa husema mti ulikufa lini. Hausemi aliyekoka moto aliitwa nani, alisali vipi, wala alimwitaje mama yake. Watu wa Kansyore hawakutuachia jina lao. Hilo tumewapa sisi. Wafugaji wa Gogo nao hivyo hivyo. Kwa hiyo ukisikia mtu katika ugomvi wa mpaka akidai kwamba vyungu vya kale vinathibitisha babu zake ndio waliofika kwanza, mwulize ni kigae kipi kilichoandikwa jina la ukoo. Mkaa si hati ya shamba. Mto ambao juu ni Gucha na chini ni Kuja umewanywesha wavuvi, wafugaji, wafua chuma, Wagusii na Wajaluo, na hakuna aliyeuumba.

Je, basi masimulizi ya wazee hayana kazi? La hasha! Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kwa miaka 350 hivi iliyopita, kipimo cha kaboni ni dhaifu. Katika kipindi hicho kaboni 14 hewani ilipanda na kushuka kiasi kwamba kipande kimoja cha mkaa chaweza kutoa majibu mawili au matatu, karne moja na nyingine. Chukua mfano wa egesarate, kambi ya ng'ombe iliyolindwa na vijana wa Kigusii, hadi serikali ya kikoloni ilipozipiga marufuku kambi hizo mwanzoni mwa karne ya 20. Ukipeleka mkaa wa egesarate maabara, huenda ukarudishiwa mkanganyiko. Lakini mzee anayehesabu vizazi na majina ya rika atakupa jibu lililo karibu na ukweli.

Ndivyo alivyofanya Profesa William Ochieng'. Mzaliwa huyu wa Yimbo, Siaya, aliwasikiliza wazee wa Kisii na kuchapisha historia ya Wagusii kabla ya ukoloni mwaka 1974. Kwa hiyo mzee na maabara hawashindani. Mzee anashika karne zilizo karibu, maabara inashika zile za mbali. Tukimpuuza mmoja, tutabaki na pengo ambalo mwenzake hawezi kuliziba.

Na pengo hilo linazidi kupanuka. Ardhi ya Kisii na Nyamira imejaa watu. Kila siku mtu anachimba msingi, choo, shimo la taka, au anakata udongo wa matofali. Jembe likigonga vigae vilivyochanganyika na majivu, wengi huvitupa kando na kuendelea. Wengine, kwa nia njema, huvikusanya kwenye karatasi na kumpelekea mwalimu. Hapo ushahidi umeshaharibika nusu. Thamani ya mkaa ni mahali ulipolala: ulikuwa tabaka gani, karibu na chungu kipi, juu au chini ya mfupa upi. Ukiutoa hapo, maabara itakupa mwaka, lakini mwaka wa nini? Hata Gogo penyewe wataalamu wamebishana kwa miaka mingi kuhusu vigae vipi vilichanganyika na vipi havikuchanganyika.

Hivyo basi, ukikuta kitu kama hicho, simamisha jembe. Usichimbue zaidi. Piga picha kikiwa pale pale, weka kitu kando kama kipimo, funika kwa udongo laini, kisha uwaarifu Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua vitu vya kale atoe taarifa.

Na leo jioni, kabla ya chakula, watume watoto kwa babu au nyanya wakiwa na daftari. Wamwulize alizaliwa wakati wa tukio gani, baba yake alikuwa wa rika lipi, na egesarate ya ukoo wao ilikuwa kilima kipi. Mkaa wa Gogo umengoja miaka 2,000 na unaweza kungoja zaidi. Nyanya yako hawezi.