Mantiki na Falsafa ya Sayansi: Tumkataze Kijana au Tumruhusu?



Kijana akisema nyumbani kwamba ataka kwenda chuo kikuu kusoma uganga au uhandisi, wazazi hufurahi. Akisema ataka kusoma mantiki na falsafa ya sayansi, mara nyuso hukunjamana, na maswali huwa mawili: Je, dini yake itasalimika? Na atakula nini? Maswali haya ni ya haki, na kijana hana ruhusa ya kuyacheka. Lakini kabla ya kuyajibu yatupasa tujue elimu hii ni kitu gani, kwani haifai kulihukumu jambo kwa kulisikia jina lake tu.

Mantiki ni elimu ya kupima hoja. Yatazama kama natija yatoka kwa haki katika maneno yaliyotangulia, au imebandikwa tu. Tuchukue mfano wa nyumbani. Mtu asema: “Dawa hii ikiwa yafaa, mgonjwa atapona. Mgonjwa amepona. Basi dawa yafaa.” Wengi wetu tutaitikia, na hali hoja hiyo haikusimama, kwani mgonjwa huenda akapona kwa mapumziko, au kwa kuwa maradhi yenyewe yamekwisha muda wake. Mwingine asema: “Dawa hii ikiwa yafaa, mgonjwa atapona. Mgonjwa hakupona. Basi dawa haikufaa.” Huyu hoja yake imesimama, maadamu neno lake la kwanza ni kweli. Hoja hizi mbili zafanana kwa sura, lakini ni watu wangapi waliotoa fedha zao kwa matapeli kwa sababu ya kutozipambanua?

Falsafa ya sayansi yaendelea mbele zaidi. Yauliza: wataalamu wana haki gani ya kusema kwamba wanajua? Katika karne ya 19 watu wa elimu ya falaki waliona kuwa sayari ya Uranus haipiti pale ambapo hesabu za Newton zataka ipite. Hawakuitupa kanuni ya Newton. Mfaransa Urbain Le Verrier alikisia kuwa iko sayari nyingine isiyojulikana inayoivuta, akahesabu mahali pake, na usiku wa tarehe 23 Septemba 1846 Johann Galle, mjini Berlin, akaelekeza darubini huko, akaiona sayari ya Neptune karibu sana na pale palipotajwa. Mwaka 1859 Le Verrier huyo huyo alieleza kuwa Utaridi nayo haifuati hesabu sawasawa, akaitumia hoja ile ile: bila shaka kiko kitu kisichoonekana karibu na jua. Sayari hiyo ikapewa hata jina, Vulcan, ikatafutwa miaka mingi, wala haikuonekana kamwe, kwa sababu haikuwapo. Mwaka 1915 Einstein alionyesha kuwa safari hii kilichotaka kubadilishwa ni kanuni yenyewe.

Basi mtu alikuwa mmoja na hoja yake moja; mara ya kwanza akapata, mara ya pili akakosa. Mwenye elimu atajuaje lini aishike kanuni yake na lini aiache? Hilo ndilo swali ambalo wanafunzi wa fani hii hulitumikia miaka.

Mahali pamoja panapojulikana kwa masomo haya ni London School of Economics, ambapo Karl Popper, mzaliwa wa Vienna, alifika mwaka 1946 akaianzisha idara ya falsafa, mantiki na njia za sayansi. Popper alishika kwamba dai la kisayansi ni lile liwezalo kukanushwa na yanayoonekana. Dai lisiloweza kukanushwa kwa hali yoyote si la sayansi. Imre Lakatos, aliyejiunga na chuo hicho mwaka 1960, alijibu kuwa wataalamu hawaachi kanuni kwa pigo moja, na kisa cha Uranus ni ushahidi wake. Mwalimu na mwenziwe wakahojiana mbele ya wanafunzi, na idara ingalipo hadi leo.

Njia ya masomo huko ina daraja tatu. Shahada ya kwanza ni miaka mitatu. Mwanafunzi hujifunza mantiki kwa alama, kama zile za hisabati, na kuthibitisha kila hatua. Pamoja na hayo husoma maswali makubwa ya falsafa na kuandika insha. Kijana asiyependa hesabu ajue mapema kuwa hapa hatazikimbia. Shahada ya pili ni mwaka mmoja, naye huchagua upande: msingi wa fizikia, au wa elimu ya viumbe, au uyakinifu na bahati nasibu katika kutoa hukumu. Udaktari ni miaka mitatu au minne, na hapo masomo ya darasani hupungua. Mwanafunzi hukaa na swali moja jembamba, huandika kitabu kisichozidi maneno 100,000, kisha huketi mbele ya watahini wawili na kutetea kila alilolisema. Elimu hii yataka subira kuliko akili nyepesi.

Sasa tulirudie swali la dini. Mantiki si mgeni katika nyumba za elimu za Kiislamu. Ni kweli kwamba Ibn al-Salah na Imam al-Nawawi waliikataza. Lakini Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliitanguliza mantiki katika Al-Mustasfa, kitabu chake cha usuli wa fikihi, akaona kuwa asiyeijua elimu yake haina cha kutegemewa. Na al-Akhdari wa Algeria, katika karne ya 16, aliitungia mashairi ili wanafunzi waihifadhi, naye akatoa kauli ya kati: yafaa kwa mwenye akili timamu aliyekwisha kuijua Qurani na Sunna.

Al-Ghazali huyo huyo, katika Al-Munqidh, alitaja khatari mbili. Ya kwanza ni ya mtu aonaye hesabu za wanafalsafa zilivyo sahihi, akadhani basi kila walisemalo ni sahihi vivyo hivyo, hata katika mambo ya Mungu. Ya pili ni ya rafiki mjinga wa Uislamu, adhaniaye kuwa dini yanusuriwa kwa kukanusha elimu zao zote, hata hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi. Matokeo yake ni kuwa mwenye kuijua dalili huishuku dini, wala haishuku dalili. Mzazi na kijana, kila mmoja na aangalie ni khatari ipi imkaribiayo. Kijana apelekwe akiwa na msingi wa dini na mwalimu wa kumwuliza. Na akirudi na swali gumu, asifukuzwe barazani.

Ama riziki, tuseme kweli. Nafasi za kufundisha fani hii ni chache kuliko wenye udaktari wanaozitafuta. Kwa hivyo haifai familia iuze shamba kwa ajili ya udaktari usio na mfadhili. Lakini shahada ya kwanza si hasara: aliyezoea kupima hoja na kuandika kwa uwazi hufaa katika sheria, katika kompyuta, katika ualimu na katika ofisi za serikali. Aanze hapo, pengine aichanganye na hisabati au fizikia; akionekana hodari, na ufadhili ukapatikana, ndipo apande daraja.

Jawabu letu basi ni hili: asikatazwe kwa hofu ya jina, wala asiruhusiwe kwa fahari ya jina. Wazazi na wakae naye, wamwulize ataka kujua nini, na awajibu kwa adabu na kwa hoja. Asiyeweza kumweleza mamake kwa lugha ya nyumbani, bado hajawa tayari kwenda kuwaeleza watahini wa London.

Mwenyezi Mungu awazidishie vijana wetu elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.