Beni: Shamba la kakao linauzwa kwa hesabu gani?

Katika eneo la Beni, kutoka Mangina hadi Oicha, wakati wa kuuziana shamba la kakao bei hupangwa mara nyingi kwa neno moja: "Hili linaingiza dola 10.000 kwa mwaka." Linaingiza, sawa. Linabakiza ngapi? Hapo muuzaji anatazama pembeni. Tuseme wazi: huo ni udanganyifu, hata ukifanywa mbele ya shefu wa kijiji na mashahidi wanne.

Tuchukue mfano. Kilo 2.000 za kakao kavu, dola 5 kwa kilo. Ondoa wapalizi, wavunaji, mlinzi, magunia, pikipiki hadi depo, kodi za halali na zile za vizuizi zisizo na karatasi. Kisha ondoa kazi isiyoandikwa popote: mke na watoto wa muuzaji wanaopasua maganda na kuanika bila malipo. Mnunuzi anayeishi Butembo atailipia kazi hiyo yote. Zikibaki dola 4.000, hayo ndiyo mapato. Wengine huhesabu hata kakao mbichi kwa bei ya kavu, na wanajua vizuri kwamba kilo 100 za mbichi hazitoi hata kilo 40 zikikauka.

Tena, ni mapato ya mwaka gani? Mwanzoni mwa 2023, tani moja ilikuwa karibu dola 2.600 kwenye soko la New York. Mwaka 2024 ikapita 12.000. Kabla ya 2025 kuisha, ilikuwa imeshuka chini ya nusu ya hiyo. Anayekuonyesha risiti za 2024 peke yake anakuuzia mwaka ambao umekwisha kupita.

Ajabu ni kwamba muuzaji huyo huyo ana kaye mbili. Mtu wa kodi anaonyeshwa ile ya njaa, mnunuzi ile ya shibe.

Lakini wanunuzi nao wasijifanye malaika. Kuna wale wanaowafuata mama wajane waliokimbia mashambulizi ya ADF na kuwaambia: "Shamba lako halijaleta hata franka moja kwa miaka miwili, kwa hiyo halina bei." Halikuleta kwa sababu hakuna aliyethubutu kwenda kuvuna! Miti ipo, na magugu yanafyekwa. Hatari ipunguze bei, tunakubali, lakini isiifute. Mama yule akipokea dola 300 leo, kesho watoto wake watapalilia shamba lile lile kwa kulipwa kwa siku.

Kwa hiyo mashefu na wazee wanaotia sahihi waanze kuuliza: risiti za depo za miaka mitatu ziko wapi, wafanyakazi wanalipwa ngapi, miti ina umri gani? Asiye na majibu arudi nyumbani na karatasi yake bila sahihi. Na kama kuna mjane mezani, hesabu isomwe kwa sauti, kwa lugha anayoisikia, kabla hajashikishwa kalamu.