Maji ya Rangi Tuyamwage Wapi?



Hapa Chara nyanya yangu husuka mikeka ya ukindu. Kabla ya kusuka, huutokosa ukindu kwenye sufuria yenye rangi ya unga ya dukani: nyekundu, zambarau, kijani. Mkeka ukiisha unapendeza kweli, lakini maji yanayobaki humwagwa nyuma ya nyumba, si mbali na kisima. Likizo iliyopita nilimkataza. Akanitazama, akaniuliza, "Basi nikayamwage wapi, mwanakemia wangu?" Nikanyamaza jii.

Jibu lipo, na nusu yake tunayo maabarani. Mnakumbuka yale mashapo meupe tunayoyapata tukitia kostiki soda kidogo kidogo katika mmumunyo wa chumvi ya zinki? (Ukizidisha yanayeyuka, na alama zako zinakwenda nayo!) Yachujwe, yaoshwe, yakaushwe, kisha yachomwe: huwa manjano yakiwa moto, meupe yakipoa. Hiyo ndiyo oksidi ya zinki. Wataalamu huitengeneza kwa chembe ndogo mno za kupimwa kwa nanomita, yaani mita moja igawanywe mara bilioni, kwani chembe zikiwa ndogo, mahali pa kugusana na maji huongezeka. Ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho huziamsha chembe hizo, nazo zikishirikiana na maji na oksijeni hutoa vitu vikali vinavyoivunjavunja rangi. Huko Japani, Fujishima na Honda walionyesha mwaka wa 1972 jinsi oksidi ya titani inavyotumia mwanga kupasua maji. Wengi wakafuata njia hiyo. Na jua, jamani, hapa kwetu halinunuliwi.

Wapo watakaosema basi tumwage poda mtoni mambo yaishe. La hasha! Zinki ikizidi hudhuru samaki, na maji kupoteza rangi si kusema yako salama.

Maoni yangu ni kwamba chama chetu kishirikiane na wenzetu wa sayansi, tuweke beseni tatu: ya kwanza juani na poda, ya pili juani bila poda, ya tatu na poda lakini gizani. Poda yetu huenda ikawa na chembe kubwa, ifanye kazi polepole, si neno. Ikitua chini tuikusanye. Kwa sasa maji ya rangi yamwagwe shimoni, mbali na kisima.

Nyanya ameniahidi ndoo moja ya maji mekundu. Anauliza tutaijia lini.