Anayesoma Historia Peke Yake Haijui Kilwa

Miongoni mwa wasomaji wetu imeenea imani kwamba vitabu vya historia na sayansi ni vya kujua, ilhali riwaya, tamthilia na tenzi ni vya kupumzisha akili. Anayeshika kitabu cha akiolojia huitwa msomi. Anayeshika riwaya huulizwa kama hana kazi. Nimemaliza kusoma mfululizo wa vitabu vya kila namna vinavyoihusu Kilwa na pwani ya Lindi, nami nashikilia kwamba imani hiyo ni potofu. Mtu aliyeamua kuviamini vitabu vya "ukweli" peke yake angedanganyika kuhusu Kilwa, tena zaidi ya mara moja.

Tuanze na tarikhi ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu mwanzoni mwa karne ya 16. Humo mna kisa ambacho kila mtoto wa Kilwa Kisiwani amekisikia: Ali bin al-Hasan anakuja kutoka Shirazi na kukinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Kisa kama hiki wataalamu wengi walikiona ni ngano ya watawala waliotaka kujipatia nasaba ya mbali. Akaja mwanaakiolojia Neville Chittick, akachimba magofu kwa miaka, na mwaka 1974 akatoa juzuu mbili ambazo hadi leo hakuna anayeweza kuzikwepa. Nimezisoma kwa heshima kubwa. Hata hivyo, Chittick alimweka Ali mwishoni mwa karne ya 12, na mwaka 1984 sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan zikafukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, pamoja na dinari za Wafatimi za karne ya 11. Tarehe ya bingwa ikayumba. Kisha mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wakiwemo waliozikwa Kilwa na Songo Mnara: akina mama wengi walikuwa Waafrika, akina baba wengi wa asili ya Uajemi, na mchanganyiko ulianza karibu na mwaka 1000. Hili halithibitishi biashara ya nguo. Linathibitisha kwamba waliolitupa simulizi kwa kuwa ni simulizi walitupa ushahidi. Na sarafu za Kilwa zenyewe zina vina: maneno ya upande mmoja yanalingana kwa sauti na jina la sultani upande wa pili. Hata fedha ya mji huu ilibeba ushairi.

Shahidi wa macho naye si salama. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu uzuri wake, akasema nyumba zake ni za mbao. Lakini Msikiti Mkuu wa mawe ulikuwapo, na Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya mia, ni la zama hizohizo. Kitabu cha safari kinahitaji kusomwa kwa jicho la tahadhari kama riwaya yoyote.

Kwenye vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani hoja yangu inapata nguvu zaidi. Vita vilianzia Nandete, katika milima ya Umatumbi, Julai 1905, watu walipong'oa pamba ya kulazimishwa. Gavana von Götzen aliandika kitabu chake mwaka 1909: nyaraka na tarehe zimo, na ni kitabu cha mtu anayejitetea. Gilbert Gwassa na John Iliffe, mwaka 1968, walituletea sauti za wazee, na bila wao tungebaki na neno la gavana. Lakini Kinjeketile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyewapa wapiganaji maji ya kinga, alinyongwa na Wajerumani Mohoro Agosti 1905 bila kuacha maandishi. Hakuna nyaraka itakayotueleza kiongozi anafikiri nini pale watu wake wanapoliamini neno lake kuliko anavyoliamini yeye mwenyewe. Swali hilo lilishikwa na Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani hii, katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969, na kwangu hakuna kitabu cha historia kilicholifikia. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi naye, katika utenzi wake wa vita hivyo, anatuonyesha jambo ambalo wanahistoria wa taifa hawakupenda kulikazia: jinsi mtu wa mji wa pwani alivyowatazama wapiganaji wa bara. Na M. G. Vassanji, katika The Magic of Saida ya mwaka 2012, anamsimamisha mshairi mkongwe wa Kilwa aliyebeba mzigo wa enzi ya Wajerumani. Riwaya hiyo hulegea inapotoa darasa la historia; inapomtazama mshairi, inachoma.

Nitajibiwa kwamba mtunzi hafungwi na ushahidi, na kwamba wapo wanaodhani Kinjeketile wa jukwaani ndiye wa Ngarambe. Ni kweli wapo. Lakini Hussein mwenyewe alitahadharisha katika utangulizi kwamba mhusika wake ni kiumbe cha sanaa. Gavana hakutahadharisha lolote. Wala sisemi vitabu vyote vina uzito sawa. Idadi ya waliokufa, ambayo Gwassa aliikadiria kuwa kati ya 250,000 na 300,000, siitafuti kwenye tamthilia. Kila aina ina swali lake, na msomaji aliyefundishwa kudharau aina moja hana pa kulipeleka swali la aina hiyo.

Walimu wa Kilwa na Lindi, wekeni tamthilia ya Hussein na kumbukumbu za Gwassa kwenye dawati moja, katika wiki moja, mbele ya mwanafunzi yuleyule. Nanyi wachapishaji, tupeni Chittick na Vassanji kwa Kiswahili, ili watu ambao vitabu hivyo vinawahusu waweze kubishana navyo.