Huduma Isiwe Chambo

Kila ifikapo tarehe 3 Juni, njia ziendazo Namugongo, pembeni mwa Kampala, hujaa mahujaji, wengine wakiwa wametembea kwa miguu kutoka hata ng'ambo ya mipaka ya Uganda. Katika siku kama hiyo Wakristo wengi husimamisha mahema na vibanda: hapa maji ya kunywa, pale kupimwa presha, kwingine vijitabu vya Injili. Vibanda vya namna hiyo huonekana pia katika mikusanyiko mingine ya jiji.

Sisi hatuna ugomvi na desturi hiyo, kwani ni ya zamani katika nchi hii. Alexander Mackay, mmisionari aliyefika Buganda mwaka 1878, alikuwa fundi, na vijana waliovutwa na karakana yake walijifunza kusoma. Siku zile za mwanzo Maandiko yalisomwa kwa Kiswahili, kabla ya kufasiriwa kwa Kiganda. Mwaka 1897 Daktari Albert Cook akaanzisha hospitali ya Mengo, ambayo hadi leo inawatibu wananchi.

Hata hivyo, iko tofauti ambayo haina budi kutazamwa. Hospitali ya Mengo ilikuwapo kesho yake na keshokutwa, lakini kibanda hung'olewa jioni. Mama aliyeambiwa kwamba presha yake imepanda, akaombewa na kupewa kijitabu, bila kuelekezwa kituo cha afya cha kwenda, amerudi nyumbani na hofu tu.

Kwa hiyo swali letu kwa wenye vibanda ni moja: je, yule asiyetaka kusikiliza mahubiri hupata nini? Akipata maji yale yale, kipimo kile kile, na zamu yake ile ile katika mstari, huo ni wema. Lakini akiambiwa kwanza aketi ahubiriwe, au aandike jina, dini na namba ya simu, basi huduma imegeuka chambo, naye amefanywa samaki. Tena Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi ya mwaka 2019 imeweka mipaka mikali juu ya kukusanya habari za imani na afya ya mtu bila ridhaa yake. Mgonjwa aliyesimama juani hawezi kuhesabiwa kuwa ameridhia kwa hiari, ikiwa kalamu imewekwa kati yake na dawa.

Wako watakaosema kwamba anayetoa ana haki ya kusema. Ni kweli. Katiba ya mwaka 1995 inampa kila mtu uhuru wa kufuata dini yake na kuidhihirisha. Lakini Katiba hiyo hiyo inakataza nchi kuwa na dini ya Serikali. Uhuru wa msemaji hauufuti uhuru wa msikilizaji. Sisi tuliomo jeshini, ambamo Wakatoliki, Waanglikana, Walokole na Waislamu hulala katika handaki moja, twajua kwamba anayemfunga mwenzake jeraha haulizi kwanza anasali wapi.

Na yafaa ikumbukwe Namugongo ni mahali gani. Mashahidi 45 wanaokumbukwa siku ile, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliuawa kati ya miaka ya 1885 na 1887 kwa sababu walikataa mtu mwingine atawale dhamiri zao. Kabla yao, katika enzi ya Kabaka Mutesa wa Kwanza, Waislamu nao waliuawa papo hapo kwa ajili ya imani yao. Ni aibu iliyoje basi, katika njia ya kwenda kuwakumbuka, mwenye kiu kuuziwa maji kwa bei ya dhamiri yake!

Twatoa wito vibanda viendelee kusimamishwa. Huduma itolewe mbele, kwa wote. Neno liwekwe kando, kwa atakaye. Na mgonjwa aandikiwe mahali pa kutibiwa kesho. Wahenga walisema: tenda wema uende zako.