"Sistimu Iko Chini" Si Jibu

Mteja amenunua muguka Embu mjini. Ameweka namba ya siri, salio limepungua, lakini simu ya muuzaji iko kimya. Nani abebe hasara? Wakipiga simu kuuliza, wanaambiwa "sistimu iko chini." Sisi tunaona hilo si jibu.

Malipo ya simu si programu moja. Ni huduma kadhaa zinazopokezana kazi: moja inahakiki namba ya siri, nyingine inakata salio la mteja, nyingine inaongeza la muuzaji, nyingine inatuma meseji. Meseji ikichelewa, huenda hela imeshafika. Ukilipia umeme au ada za serikali, mifumo ya watu wengine pia inaingia. Julai 2023, eCitizen iliposhambuliwa mtandaoni, huduma nyingi za serikali zilikwama, na lawama nyingine zikaangukia simu.

Ndiyo maana tunasema kampuni za malipo, yetu ikiwemo, zipime hadi huduma mbovu ijulikane kwa jina. Kwanza, kila huduma ipimwe peke yake, kisha zipimwe zikiwa zimeunganishwa, kwa sababu zinazofanya kazi vizuri zikiwa mbalimbali zinaweza kukosana zikikutana. Pili, kwenye mfumo wa majaribio, huduma moja izimwe makusudi tuone kama hela inamrudia mwenyewe. Ombi lilelile likitumwa mara mbili, hela ikatwe mara moja tu. Tatu, namba ya muamala ifuatiliwe kila hatua, ili anayepokea simu yako aone malipo yamekwama wapi.

Kuna watakaosema upimaji huo unachelewesha huduma mpya. Sawa, zichelewe kidogo. Mfanyabiashara wa miraa kule Maua hana nafasi ya kungoja: miraa ikilala, bei inaanguka. Siku moja ya kubishana kuhusu malipo inamla faida yote.

Na wewe fanya hivi. Mteja, usilipe tena kabla ya kuangalia salio, na usifute meseji yenye namba ya muamala. Muuzaji, usiamini meseji iliyo kwenye simu ya mteja. Angalia salio la tili yako. Ukipiga simu kulalamika, taja namba hiyo, kisha uliza: ni huduma gani imekwama? Una haki ya kujibiwa.